Steringi Hafi

Kazi yangu hapa Karatu ni kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani. Nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti. Wazungu wanaongea lugha yao, mimi nawasemea kwa Kiswahili, na wakinyamaza nawachomekea maneno yangu, watu wanacheka. Nilikuwa najiona fundi kweli.

Jumapili moja mchana, mvua inapiga bati, nikaweka filamu mpya ya vita. Askari wamejichimbia handakini, tope hadi magotini, panya wanakula mikate yao. Jana yake nilikuwa nimeitazama nusu tu, umeme ukakatika. Haikunisumbua. Sheria ya vibanda vyetu kila mtu anaijua: steringi, yule mhusika mkuu, hafi.

Benchi la mbele, magoti yakigusa meza yangu, alikaa mama mmoja wa Mbulumbulu. Hakuwa mtu wa filamu. Mwanawe wa pekee ni askari, amepelekwa nchi ya watu kulinda amani, na hajapiga simu tangu ngano ipandwe. Alitaka kuona askari wanaishije.

"Mwanangu, steringi ni yupi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kijana mmoja mwenye masikio makubwa. "Huyo, mama. Huyo usimhofie, hafi."

Basi kila bomu likilia, ananitazama mimi, nami naitikia kwa kichwa.

Wenzake yule kijana wakaanza kufa mmoja mmoja. Utani ukanikauka mdomoni. Nilitamani kuzima, lakini kibanda kimejaa hadi mlangoni, nyuma yangu ukuta, mbele yangu yule mama. Niliogopa, nasema ukweli. Sijawahi kubanwa vile.

Kijana akapigwa risasi ya kifua, akalala kwenye tope.

"Amezimia tu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Ataamka sasa hivi."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, wakidhani ni utani wangu wa siku zote. Mama hakucheka. Alisogea mbele kidogo, akasubiri.

Majina ya waigizaji yakapanda kwenye kioo hadi yakaisha. Watu wakatoka, wakapotelea kwenye mvua. Yeye bado amekaa, simu yake ndogo ameishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona hajaamka?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Nikasikia pumzi yangu ikitoka kwenye spika, ikijaza kibanda kizima.