Lori la Baba Lilivyoondoka na Nguo za Mama

Lori la baba lilifia uani kwetu Buzebazeba nikiwa darasa la tano, na hadi naposwa lilikuwa bado palepale, limeinamia upande mmoja, limeziba nusu ya ua. Baba alikuwa dereva. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba gari halijafa, linapumzika. Nililichukia lori lile kuliko hesabu.

Tena lilipumzika vipandevipande, maana baba hajui kumnyima mtu kitu. Tangi la dizeli lilikwenda kwa jirani anayekamua mawese. Mlango wa kushoto ukawa mlango wa bafu la mama mmoja wa Kikongo kule Kasingirima. Kiti kirefu cha mbele kilikuwa ndiyo kochi letu la sebuleni. Mama naye, aliyelilaani lori kila asubuhi, alifunga kamba yake ya kuanikia nguo kwenye bodi, ncha ya pili kwenye mpapai.

Washenga walipoleta habari kwamba baada ya wiki mbili, Jumamosi saa nne, watakuja na barua ya posa, mama alisema hapokei wageni gereji. Akawaita wanunuzi wa chuma chakavu waje asubuhi hiyohiyo na mitungi yao ya gesi.

"Likitoka kwa magurudumu yake kabla hawajafika, ni lako, ulipeleke shambani Simbo," alimwambia baba. "Wakilikuta hapa, wakate."

Baba aliendelea kumega ugali wake, macho chini. Nikamwonea huruma, na hilo lilinikera zaidi.

Wiki mbili alizunguka mtaani akidai vipande vyake. Fundi, rafiki yake wa siku nyingi, alishusha injini, akaitandaza yote juu ya turubai, akaweka pistoni za lori lingine lililokufa na giaboksi ya basi. Alipomaliza kufunga, bolti tatu zilibaki. Akasema ni za akiba. Stata haikupatikana kabisa, kwa hiyo ilibidi gari lisukumwe.

Mlango nao ulishindikana.

"Papa, ukibeba huu mulango, Kasingirima yote itaniona niko naoga!" yule mama wa Kikongo alilalamika.

Baba akampa pazia la maua atundike bafuni. Mama yule akamrudishia: "Pazia utundike weye kwa gari lako." Baba akalitundika kweli.

Jumamosi saa tatu, wanaume wa mtaa walilisukuma lori kwenye mteremko wa lango letu. Likakohoa, likapiga chafya, likawaka! Tangi lilikuwa halijaoshwa mawese vizuri, basi moshi ukatoka unanukia dagaa wa kukaanga, na paka wawili wakalifuata. Baba alikuwa analia waziwazi huku anakata kona. Mimi pia, ingawa nilisingizia moshi.

Hakuna aliyekumbuka kamba.

Vitenge vya mama, mashuka, na gauni nililokuwa nivae siku ile vilitoka langoni vimejipanga nyuma ya lori, na mpapai mzima uliong'oka ukifuata mwishoni. Watoto wa mtaa wakapiga vigelegele wakidhani ni harusi.

"Simama wewe mzee! Nguo zangu!" Mama alikuwa anakimbia na kandambili mkononi.

"Likizimika nani atalisukuma? Panda!"

Akapanda. Aliparamia upande usio na mlango, akamezwa na pazia la maua, wakapotea barabarani.

Washenga watatu walifika saa nne kamili. Wanunuzi wa chuma wakafika nao, na mitungi yao. Sebuleni hapakuwa na kochi, kochi lilikuwa njiani kwenda Simbo. Nikawatandikia wote mkeka mmoja, mimi mwenye kuposwa, na gauni la kushindia.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Wazazi wako wapi?"

Nilimpigia mama simu, nikaweka spika ili wasidhani nawatoroshea wazee.

"Waambie wasubiri!" mama alipiga kelele kushinda injini. "Tunatafuta mteremko wa kuegesha!" Kisha akacheka. Cheko lile sikuwa nimelisikia tangu lori lilipokufa, na nikagundua pale mkekani kwamba nilikuwa nimelisahau.

Walirudi karibu adhuhuri kwa bodaboda moja, mama katikati amekumbatia bonge la nguo zenye matope, masizi hadi kwenye nyusi. Mkubwa wa wanunuzi wa chuma akasimama.

"Mama, ulituita tuje kukata lori bovu."

"Bovu?" Mama alimtazama kama mtu aliyemtukania mtoto. "Lile gari lina mwenyewe, na mwenyewe ana mke. Kunyweni chai mwende."

Baba aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta viatu vyake. Barua ya posa ilikuwa bado mikononi mwa mshenga, na hakuna aliyeikumbuka hadi chai ilipoisha.