Tone la Nyongo Lililopita Tarehe

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Papa Célestin, fundi mkuu wa benchi la bakteria katika maabara moja ya binafsi huko Auderghem, ughaibuni, alinipa koti jeupe na kunionyesha kiti.

"Bon, leo unaangalia tu," alisema. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, kama wazazi wangu.

"Na nikiwa na swali?"

"Ma fille, université haikumaliza maswali yako yote?"

Haikuyamaliza. Alinifundisha kuotesha bakteria kwenye sahani ya damu na kusoma ukijani unaozunguka koloni, yaani kile kirundo cha bakteria kinachoonekana kwa macho. Alinifundisha rangi ya Gram, inayowaacha wengine zambarau na wengine wekundu. Mimi nilitaka kujua kila kipimo hukosea wapi. Vitabu vingi hulikwepa swali hilo.

Kisha mashine ikaja. Unapaka koloni kwenye bamba la chuma, inaipiga kwa leza, inapima uzito wa protini zake na kutaja jina kabla kahawa haijapoa. Sina ugomvi nayo. Mara nyingi ilikuwa sahihi kuliko sisi. Ugomvi wangu ni na mkuu wa maabara, aliyeacha kuagiza dawa za vipimo vya mkono kwa sababu mashine ipo.

Asubuhi moja bakteria waliota kwenye damu ya mzee aliyelazwa hospitalini Laeken kwa homa. Mashine ikasema ni streptokoka wa mdomoni, bakteria anayeishi kinywani mwa kila mtu bila madhara. Daktari akisoma jina hilo, mara nyingi huamua kuwa ni uchafu ulioingia kwenye chupa ya damu, na anasimamisha antibiotiki. Lakini mashine yetu ilijulikana kumchanganya huyo na nimonikoka, bakteria wa nimonia anayeua wazee. Kinachowatenganisha ni tone la chumvi ya nyongo: nimonikoka huyeyuka, mwenzake hubaki.

Chupa ya nyongo ilikuwa kwenye friji, imepita tarehe. Kwa kuwa siamini chupa iliyopita tarehe, niliijaribu kwanza kwa bakteria tuliowajua. Nimonikoka wetu wa akiba akayeyuka, yule wa mdomoni akabaki. Koloni ya mzee ikayeyuka.

Nikamwita mkuu. Aliitazama sahani, kisha kibandiko cha chupa.

"Kipimo hiki tulishakiondoa. Tuma jibu la mashine."

"Madame, si unaona imeyeyuka?"

"Naona. Siwezi kuiandika."

Alipotoka, nilimgeukia Papa Célestin, aliyekuwa akifuta benchi ambalo tayari lilikuwa safi.

"Papa, si ni wewe ulinifundisha hii?"

"Nilikufundisha, alors? Niko karibu na pension. Mashine haina watoto wa kusomesha, yenyewe inaweza kukosea vile inataka."

Jibu la mashine likatumwa. Nikapiga simu wodini, jambo tulilokatazwa. Daktari alikuwa ameshaagiza dawa zisimamishwe. Alizirudisha, akapeleka damu maabara nyingine. Huko wakakuta nimonikoka.

Wiki hiyohiyo niliitwa ofisini kupewa onyo.

"Jibu langu lilikuwa na kosa?" niliuliza.

"Hapana," mkuu alisema. "Lilikuwa sahihi. Halikuwa halali."

Alisema bila hasira, kama anavyoeleza mtu saa za basi. Papa Célestin alisaini kama shahidi kwamba nilivunja utaratibu. Hakuniangalia.

Nilijistaafisha mwenyewe kabla sijaota hata mvi moja. Sasa nafundisha hesabu watoto wa sekondari karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Vijana wanaoanza kazi ya maabara huniuliza wajifunze nini. Nawaambia waijue mashine vizuri, na wajue inakosea wapi. Nawaambia pia kwamba siku watakapouliza, wenzao watakuwa wanafuta mabenchi.

Mzee alipona, akarudi nyumbani. Lakini maabara yetu haikusahihisha jibu; limebaki la bakteria wa mdomoni, uchafu wa chupa tu. Kwa kompyuta yao, hakuwahi kuugua.