Fizikia Milioni Nne, Historia Milioni Moja

Saa mbili asubuhi, Rosalba Aryemo anafuta ubao kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamebanana wanne wanne kwenye madawati. Leo anawafundisha jinsi ardhi ya Buganda ilivyogawanywa mwaka 1900, na sauti yake inafika hadi uwanjani.

Darasa la jirani, Kidega anafundisha fizikia. Shule ni hiyo hiyo moja, ya serikali, si mbali na mtaa wa Bugolobi. Wote wawili wana shahada. Kidega analipwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Aryemo anapata milioni moja na kidogo.

"Mimi ndiye niliyemwelekeza alipofika hapa, hata kuandaa masomo hakujua," anasema Aryemo. "Simchukii. Lakini dukani hawaniuzii mkate kwa bei ya mwalimu wa historia."

Pengo hilo lilipanuka mwaka 2022, serikali ilipopandisha mishahara ya walimu wa sayansi na kuwaacha wa sanaa pale pale. Ajira nazo zimefuata mkondo huo. Mwalimu wa jiografia alipostaafu shuleni hapo, hakuletwa mwingine. Vipindi vyake alitwishwa Aryemo, bila nyongeza.

Aryemo ni binti wa polisi na amekulia katika kambi ya polisi ya Nsambya. Baba yake alitaka avae sare kama yeye. Akakataa. "Kambini, mwalimu akipita hata ofisa alimpisha. Nikaitaka heshima hiyo."

Walimu wa sanaa walipogoma, naye aligoma. Wakatishiwa kufukuzwa, wakarudi mikono mitupu. Siku ya kwanza ya kurudi darasani, msichana mmoja alisimama akamuuliza Aryemo kwa adabu, "Madam, kama serikali inaona somo lako halina faida, sisi tunalisoma la nini?"

"Nilimwambia akae," anasema. "Nikatoka, nikasimama nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ikalia. Hasira ile bado ninayo."

Kidega anasema hata yeye hana raha. "Siku ya mshahara madam Aryemo hakai nami meza moja. Mimi sikuomba aachwe nyuma. Wakienda kudai, nitakwenda nao."

Mwaka huu vita vimeingia nyumbani kwa Aryemo. Laker, binti yake wa kwanza, ameingia kidato cha tano na kuchagua historia. Anataka kuwa mwalimu. Baba yake alikuja juu.

"Unataka mtoto ateseke kama wewe?" alimuuliza mkewe mezani.

Aryemo anasema aliweka kijiko chini. "Nilimjibu, mtoto hajakosea. Aliyekosea ni anayenilipa."

Laker ameendelea na historia. Naye Aryemo anagombea uongozi wa tawi la chama cha walimu, na Jumamosi ana mkutano Mengo na walimu wa shule nyingine. Kidega ameahidi kumpigia kampeni kwa wenzake wa sayansi.

Aryemo alipoulizwa iwapo hajawaza kuacha ualimu, aliendelea kukusanya madaftari ya kusahihisha.

"Laker ana miaka mitano kabla hajasimama mbele ya darasa," alisema. "Hiyo ndiyo miaka niliyonayo ya kupigana na hao wanaotulipa."