Mdomo wa Mtungi Kwenye Kanga Yangu

Jamani, chekeni mtakavyo, aibu hii nimeshaizoea. Wapo wanawake kijijini kwetu Kinjumbi ambao hadi leo wakiniona na kanga mpya huniambia nigeuke kwanza wanitazame nyuma.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, nami bi harusi mchanga, naishi kwa mama mkwe, mfinyanzi, ambaye alikuwa ameniahidi jambo moja: siku nitakapokuwa na mtungi wangu wa maji ndipo mimi na mume wangu tutahamia nyumba yetu, kwani kwao mke anayechota katika mtungi wa mkwewe bado ni mgeni. Basi akaufinyanga, mkubwa, akauweka kivulini, mdomo akaufunika kwa kanga mbichi (kanga yangu, magunia yalikuwa yameadimika), akaniambia, "Mwanangu, usiufunue. Mdomo ukitangulia kukauka na tumbo bado bichi, vinavutana, unapasuka. Kanga ikikauka, irashie maji."

Nikawa nauangalia kutwa. Udongo mbichi unanukia mvua ya kwanza. Nilikaa pale nimeegemea ukuta, macho nusu nimefumba, naiona nyumba yangu, mkeka wangu, kata yangu ya kuchotea inaning'inia, hata maji yakimiminwa nayasikia, na upepo wa pwani unapita polepole hadi sijui nimelala au niko macho.

Ndipo ngoma ikalia uwanjani: mkuu wa wilaya anakuja, wanawake wote mstarini na doti kamili. Nusu ya doti yangu ilikuwa mdomoni mwa mtungi. Nikasema mara moja tu, nitairudisha. Nikaianika juani (na mimi nikaendelea kuota), ilipokauka nikajifunga kiunoni, nikaenda nikicheza kama naelea, mpaka alasiri.

Wakaanza kucheka nyuma yangu. Nikadhani ni furaha, nikazidisha madaha! Mgeni mwenyewe akaniuliza kwa heshima, "Bibi, hilo duara huko nyuma ni pambo la huku?" Nikajipapasa: tope lililokauka, mviringo mzima wa mdomo wa mtungi, katikati ya makalio yangu. Mama mkwe akaliona, akageuza macho kuelekea nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji akavimba kwa fahari, akamwonyesha mama mkwe, "Mheshimiwa, mama huyu ndiye mfinyanzi wetu, anao mtungi mpya, twende ukauone!" Nikasema hapana, hapana, umelala (wallahi nilisema hivyo, mtungi umelala!), lakini wameshaondoka, ngoma mbele.

Tukaukuta na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, kidole kinapita. Ngoma ikakatika. Mgeni akakohoa, akasifu kuku waliokuwa wakidonoa uani. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alingoja waondoke. "Haujachomwa," akasema, "udongo bado ni udongo. Uponde, uloweke, ufinyange."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Mie nimeshafinyanga wa kwangu."

Nikafinyanga, ukapasuka, nikafinyanga tena, ukapasuka, mvua zikaja zikapita, mume wangu kila asubuhi anauliza tunahama lini, na mama yake anamjibu, "Muulize huyo mchezaji." Nikaapa, na kiapo hicho ninacho hadi leo, kwamba mtungi ukiwa kivulini, hata aje nani, mimi sibanduki.

Tulihama msimu wa korosho, mtungi wangu ulipotoka motoni mzima. Kesho yake mama mkwe alikuja, akasimama mlangoni kwangu, akapiga hodi kama mgeni, na mimi machozi yakanitoka kabla sijamkaribisha.