Viatu vya Rose kwenye Grini ya Kumi na Nane

Hii habari nimewaficha watoto wangu miaka mingi, na kama si ninyi kunichokoza leo ningekufa nayo, kwa sababu mtu mzima, mama wa watoto watatu, kusimama mguu mmoja kama korongo mbele ya wakubwa wote wa Kisumu, hicho si kitu cha kusimulia watu wakila. Lakini sawa, mmeshinda.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kibarua kwenye uwanja wa gofu karibu na ziwa. Tulikuwa wanawake sita, na kazi yetu ilikuwa kung'oa magugu kwa mkono kwenye grini (grini ndiyo ile sehemu ya mwisho yenye shimo na bendera, nyasi fupi kama zulia). Unapiga magoti na kisu kidogo, unatafuta ndago, ukiiona unaifuata mpaka kwenye kile kitunguu chake chini, unaitoa nzima, unasonga mbele. Miaka mitatu nilifanya hivyo, peku, na niwaambie ukweli, sikuwa nimewahi kuona mtu akicheza gofu, maana wachezaji wakifika sisi tumeshaondolewa. Ile nyasi niliijua kama unavyojua kichwa cha mtoto unayemsuka kila wiki, lakini ilikuwa ya nini hasa, sikujua.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Ondiek, mtu wa maneno machache. Wiki mbili kabla ya shindano kubwa hatukupumua, kila kipara kilijazwa mchanga, mashine za kukata nyasi zilinolewa kila jioni, na asubuhi Mzee mwenyewe alichukua ufito mrefu wa mwanzi akaupitisha juu ya grini, polepole, kuangusha umande, na pale ulipopita rangi iligeuka kutoka fedha ikawa kijani kilichokolea, na sisi sita tukasimama tu na visu vyetu tukitazama.

Sasa, Ijumaa meneja akatuambia siku ya fainali, Jumapili, wafanyakazi wote tuje tumevaa vizuri, kwa sababu mchezo ukiisha tutaitwa mbele tushukuriwe. Nilikuwa na viatu vyangu vya kanisani, bapa, vizuri tu, lakini nikawaza, kwa nini nishukuriwe nikiwa mfupi? Nikaenda kwa jirani yangu pale mtaani Kaloleni, Rose, aliyekuwa akipiga taipu ofisini, nikaazima viatu vyake vyekundu vya kisigino kirefu, chembamba kama penseli. Rose aliniuliza kama naweza kuvitembelea. Nikamwambia kwani kutembea kunafunzwa.

Jumamosi jioni mvua ya ziwani ikanyesha vizuri, ardhi ikalainika.

Jumapili tuliwekwa nyuma ya kamba kando ya grini ya kumi na nane, shimo la mwisho, pamoja na watu wengi wenye kofia na miwani, na hapo kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu nikiwa nimesimama. Ilikuwa laini mpaka kivuli cha bendera kililala juu yake bila kuvunjika popote. Nilishangaa kwamba mikono yangu ilihusika. Mchezaji wa mwisho alikuwa daktari kutoka Nakuru, na mtu mmoja akaninong'oneza kwamba akiuingiza mpira kwa pigo hilo moja atakuwa sawa na anayeongoza. Daktari akachuchumaa nyuma ya mpira akiipima njia. Watu wote wakanyamaza.

Na katika kimya hicho nikaiona ndago. Moja tu, jani limesimama linang'aa, karibu na shimo.

(Najua, najua. Ningekaa kimya.) Miguu ilienda yenyewe. Nikapita chini ya kamba, nikaenda moja kwa moja, nikainama, nikaing'oa na kitunguu chake, nikajisikia mtu wa maana sana, nikageuka.

Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa mashimo madogo kutoka kwenye kamba mpaka niliposimama, na ulikuwa umeikata njia ya mpira wa daktari. Nikashtuka, nikarudi hatua moja, kisigino cha kulia kikazama chote, nikavuta, mguu ukatoka na kiatu kikabaki. Kikasimama pale peke yake, chekundu. Mimi mguu mmoja hewani, siuteremshi kwa woga, na ule mwingine unazama taratibu. Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Meneja akafika kwenye kamba akasema, kwa sauti ndogo ya kutisha, kwamba mgeni akishindwa kwa sababu ya hili, Jumatatu hataki kuona hata mmoja wetu sita.

Wenzangu walisikia. Hapo kicheko cha watu hakikuniuma tena, niliumwa na kitu kingine.

Mzee Ondiek akavua viatu vyake akaja. Hakuniangalia usoni.

"Nyar Seme," akasema (ndivyo alivyoniita, binti wa Seme, maana kwetu ni Kombewa, huko Seme), "vua hicho kingine. Halafu usisogee mpaka nikuambie."

Kapteni wa klabu akafungua kitabu cha sheria, akazungumza na wachezaji, wakakubaliana kwamba mashimo yanaweza kurekebishwa. Mzee akaking'oa kiatu kilichozama, akaniashiria nirudi nyuma ya kamba, kisha akapiga magoti. Akatoa mfukoni kijiuma cha chuma, akakichoma pembeni ya shimo la kwanza, akausukuma udongo kutoka kila upande kuja katikati, akakandamiza kwa kiganja. Likafunga. Akaenda la pili. Yalikuwa kumi na moja, na alipofika la nne hakuna aliyekuwa akicheka, watu walikuwa wameinama kwenye kamba kutazama ile mikono. Mwisho akalaza shavu kwenye nyasi, akatazama mpaka kwenye shimo la bendera, akarudi kwenye alama moja, akaigusa kwa dole gumba. Akamwitikia daktari kwa kichwa.

Daktari akapiga. Sikuwa nimewahi kuona mpira ukienda juu ya nyasi yangu. Haukuruka, haukutetemeka, ulipita juu ya makosa yangu yote kama hayakuwahi kuwapo, ukapinda kufuata kimteremko ambacho miaka mitatu ya magoti haikunionyesha, ukapungua, ukasimama. Kidole kimoja kabla ya shimo.

Watu wakaguna. Mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua, daktari alikuwa ameshika mkono wa Mzee Ondiek, na alisema huku akimtazama meneja, "Nyasi haina kosa, Mzee. Nimeupiga mpira polepole mno."

Tukashukuriwa. Mimi nilijificha mstari wa nyuma, peku. (Rose hakunisemesha wiki nzima.)

Jumatatu nilifika kabla ya wenzangu, nikapiga magoti pale pale, nikapapasa kwa kiganja. Mzee akapita, akauliza natafuta nini. Nikamwambia mashimo yangu.

"Tafuta," akasema. "Ukiyapata niite."

Nilitafuta mpaka jua likapanda, sikumwita. Na tangu siku ile sijavaa kisigino, hata kwa harusi, na nikiona gugu mbele za watu mahali ambapo sikuitwa, linaniuma, linaniuma kabisa, lakini naliacha hapo hapo.