Kisu cha Springi Ukweni

Acha nisimulie mwenyewe, kabla mke wangu hajaongeza chumvi.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, nami nikawa karani wa mnunuzi binafsi pale Dutwa. Nilikuwa na kisu cha kukunja chenye springi. Ukikigusa kidogo tu, kinafyatuka chenyewe. Nilikatia kamba za magunia, huku nikiwatangazia wakulima kama hakimu: “Hii pamba safi. Hii fifi, daraja la chini.”

Siku ya kupeleka posa Kasoli, mshenga wangu aliacha sime yake mlangoni. “Kijana, ukweni hatuingii na silaha,” akaniambia. Nikamcheka kimoyomoyo. Sime ndiyo silaha. Changu ni kifaa cha kazi! Nikakiacha kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, nikaingia.

Kumbe baba mkwe namfahamu. Msimu ule ule nilikuwa nimemwandikia pamba yake yote fifi. Nikainamisha kichwa, nikamsalimu Kisukuma, “Mwadila, baba,” nikakaa kwenye kigoda.

Tak!

Niliruka kama ndama aliyeumwa na mbung'o. Ngozi ilipona, lakini suruali ilichanika kuanzia mfukoni hadi nyuma ya goti. Mama mkwe, ambaye hata kutazamana naye ni mwiko, ndiyo kwanza anaingia na maji ya kunawa. Akageukia ukutani.

Baba mkwe hakugeuka. Aliikagua chupi yangu yenye viraka, taratibu, kama yuko kwenye mizani.

“Karani,” akauliza, “hiyo nayo tuiandike safi, au fifi?”