Goti la Fundi wa Karo

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili, katika kliniki ndogo ya Ruashi, siku alipoletwa fundi wa karo, vigae vya sakafu. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imekauka kwa simenti. Upande mmoja alishikwa na mke wake, upande wa pili aliegemea fimbo. Goti lake la kuume lilikuwa limevimba kama papai changa.

Mke ndiye aliyesimulia. Miaka mingi mumewe alikuwa akipanga karo kwenye nyumba za mtaa wa Karavia, kutwa nzima amepiga magoti. Safari hii alikuwa amefanya wiki tatu mfululizo bila kupumzika, goti likagoma. Mahali pengine waliambiwa ni uzee, kiungo kimelika, aache kazi. Shemeji yake alikuwa ameanza kunong'ona kwamba fundi amerogwa. Fundi mwenyewe aliitazama sakafu yetu kama anayekagua kazi ya mwenzake.

Daktari aliagiza radio kwanza, picha ya mifupa. Mifupa ilikuwa mizima. Basi akahisi maji yamejaa ndani ya kiungo, akaamua kuyatoa kwa sindano. Akaniomba nipitishe ekografi haraka, ajue pa kuchoma.

Sikwenda haraka. Nilipaka jeli, nikateremsha kifaa polepole juu ya goti bovu, kisha juu ya goti zima, kisha nikarudia. Maji yalionekana meusi kwenye ekrani ya mashine, lakini hayakuwa pale daktari alipodhani. Nilimwita. Haikuwa rahisi, maana mzee yule alikuwa daktari kabla mimi sijaanza shule.

"Docteur, maji haiko mu kiungo," nilimwambia. "Iko mbele ya pia ya goti, chini ya ngozi. Ndani ni mukavu."

Alichukua kifaa, akapima mwenyewe. Kisha akamgeukia mgonjwa, si mimi.

"Baba, huyu mama wa mashine ameona muzuri kunipita."

Nilimgeuzia fundi ekrani nikamweleza. Mbele ya pia kuna kifuko kidogo kinachosaidia ngozi kuteleza. Ukikigandamiza kila siku juu ya simenti, kinakasirika na kujaa maji. Hakuwa na homa, wala goti halikuwa na joto, kwa hiyo hatukuogopa usaha. Si uzee, si uchawi. Ni kazi.

Ndipo aliposema kwa mara ya kwanza: "Basi haiko mwisho ya kazi yangu?"

Nilimjibu hapana, si mwisho; sindano daktari ameiacha, apumzike kwanza, aweke barafu, na akirudi kazini apige magoti juu ya kitu laini. Alivua kofia akajifunika nayo uso. Mke wake akamwekea mkono begani, akamwacha hivyo.

Wiki kadhaa baadaye alirudi bila fimbo, amevaa vitambaa vya magoti alivyoshonewa na mkewe kwa sponji ya godoro. Nilipopima, yale maji yalikuwa yamebaki uzi mwembamba.

Tangu hapo, kila goti lilipokuja, daktari aliandika kwenye karatasi, kwa Kifaransa, kwamba nipime mimi. Karatasi ya kwanza niliipeleka nyumbani. Mama yangu, binti wa mfanyakazi wa reli, hasomi Kifaransa. Aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akaichukua, akaenda kumwonyesha jirani.